Mlinzi Aliyeomba Usiku

Siku Obonyo alipoitupa nyundo ya Shivachi mtaroni, mtaa mzima wa Gatwekera, Kibera, ulisema ameingiwa na wazimu. Wengine walisema amerogwa na watu wa kwao, wengine wakasema ni chang'aa, ingawa tangu abatizwe mtu huyo hakuwa amegusa kileo. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Obonyo alikuwa hajalala. Sisi watu ni wepesi kumtafutia jirani mapepo, na wazito kumuuliza swali dogo tu: wewe, mara ya mwisho ulilala lini?

Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tano, saa tatu asubuhi. Obonyo alikuwa ametoka Kawangware kwa miguu baada ya kulinda ghala la mabati na mbao usiku kucha. Alijitupa kitandani bila kuvua soksi. Usingizi ulikuwa ndio kwanza unaanza kumkubali, miguu imekuwa mizito, kope zimeshikana, ndipo upande wa pili wa ukuta wa udongo nyundo ilipoanza. Ko, ko, ko, ko. Shivachi, fundi wa majiko ya makaa, alikuwa amefungua kazi.

Obonyo alivumilia kwa muda wa jiko moja. Jiko la pili lilipoanza aliruka, akatoka nje na suruali ya kazi na fulana.

"Wewe fundi, hujui watu wamelala?"

Shivachi aliinua kichwa, akatazama jua, kisha akamtazama Obonyo. "Watu gani wanalala saa hii, Baba Adhis? Hii si ni saa ya kazi?"

"Mimi nimelala!"

"Si uko hapa umesimama?"

Jibu hilo ndilo lililomponza. Shivachi hakuwa na nia mbaya, alikuwa Mluhya mcheshi anayependa kumchokoza mtu na kucheka naye, lakini mzaha unataka mtu aliyelala. Obonyo alimpokonya ile nyundo, akapiga hatua tano, akaitupa katikati ya mtaro mkubwa unaobeba kila uchafu wa Gatwekera. Ilizama. Shivachi alibaki amekaa kwenye kigoda chake, mkono bado uko hewani, kana kwamba nyundo ingerudi.

"Umetupa chakula ya watoto wangu," alisema polepole. "Baba Adhis, umetupa chakula ya watoto wangu na nimekukosea nini?"

Obonyo alimpa mgongo. Alirudi ndani, akalala chali akiyatazama mabati. Sasa palikuwa kimya kabisa nje, na bado usingizi haukuja. Ilipofika saa nne mabati yakaanza kulialia kwa joto, na chumba kikawa tanuri. Wahenga walisema usingizi ni ndugu wa mauti. Wahenga hao hawakuwahi kuutafuta mchana chini ya bati la Kibera, la sivyo wangejua kwamba anayeua si usingizi, ni kuukosa.

Hebu tueleze habari za mtu huyu vizuri, maana jina lake lilichafuliwa sana baadaye.

Obonyo alikuwa mlinzi wa mwaka wa saba katika kampuni ambayo jina lake nalijua lakini silitaji, kwa kuwa halistahili wino. Kila mlinzi wa kampuni hiyo alifanya kazi saa kumi na mbili kwa mkupuo. Wiki moja alilinda mchana, wiki iliyofuata alilinda usiku, kisha mchana tena, hivyo hivyo mwaka mzima. Ukiuliza kwa nini watu wapinduliwe kila Jumapili kama chapati, uliambiwa sababu waziwazi, bila haya: mlinzi akizoea usiku atazoeana na wezi. Kwa hiyo asizoee. Kampuni ilikuwa imekaa chini, watu wazima wenye akili na tai shingoni, ikaamua kwamba dawa ya wizi ni kuhakikisha mwili wa mlinzi haujui kamwe kama ni usiku au mchana.

Na kwa kuwa walijua fika kwamba mwili wa namna hiyo utasinzia, wakampa mlinzi saa.

Haikuwa saa ya kuvaa mkononi. Ilikuwa saa nzito ya chuma ndani ya mfuko wa ngozi, inaning'inia begani kwa mkanda. Katika kila pembe ya ghala kulikuwa na ufunguo uliofungwa ukutani kwa mnyororo. Kila nusu saa mlinzi alizunguka pembe zote nne, akaingiza kila ufunguo katika saa ile na kuuzungusha, nao ukatoboa alama kwenye karatasi ya duara iliyokuwa ndani. Saa ilifungwa kwa kufuli. Alfajiri msimamizi, Mkamba mmoja mrefu aitwaye Mwanzia, alikuja na baiskeli, akaifungua, akaitoa karatasi na kuisoma. Pasipo na alama, ulilala. Walinzi waliiita saa ile "shahidi", maana ilikuwa inaongea mbele ya wakubwa na wao wenyewe hawapewi nafasi ya kuongea.

Katika miezi sita shahidi alikuwa amemsema Obonyo mara mbili. Zote mbili zilikuwa Jumatatu, usiku wa pili baada ya kupinduliwa, mnamo saa kumi. Hakukumbuka kulala. Alikumbuka kusimama kwenye pembe ya tatu na ufunguo mkononi, kisha akakumbuka jogoo. Alipewa barua mbili za onyo. Barua ya tatu katika kampuni ile haikuwa onyo, ilikuwa kwaheri. Hilo Obonyo alilijua, Awiti mkewe alilijua, na hata binti yao Adhis, wa darasa la sita, aliacha kuuliza kwa nini baba hula ugali akiwa amefumba macho.

Tumbo lilimwaka kuanzia kifuani hadi kitovuni. Kula kwake kulikuwa saa nane za usiku, wakati tumbo la kila kiumbe mwenye akili limefunga duka. Wiki ya mchana ilipofika alifurahi kwamba sasa atalala usiku na mkewe kama Mkristo, lakini usiku wa Jumapili, Jumatatu, Jumanne alikodoa macho gizani, na ilipofika Alhamisi ndipo mwili ukakubali. Ijumaa na Jumamosi alikuwa binadamu. Jumapili wakampindua tena. Kanisani alisinzia wakati wa maombi ya kusimama, akaanguka juu ya mama mmoja wa kwaya. Nyumbani alikuwa mkali kwa vitu vya kipuuzi, kifuniko cha sufuria, mlango kulia. Siku moja aliinua mkono kwa Adhis kwa sababu ya kucheka kwa sauti, akaushusha bila kumpiga, kisha akatoka nje na kukaa nyuma ya choo akilia kwa hasira. Hasira yenyewe hakujua aipeleke kwa nani.

Ndiyo maana aliipeleka kwa Shivachi. Mtu akionewa na aliye mbali, humgeukia aliye karibu. Hasira hasara, na hasara hiyo alipewa fundi maskini.

Jioni ya siku ile ya nyundo, Awiti alirudi kutoka kibanda chake cha kuuza omena, dagaa wa ziwani, na kupata habari kwa watu kumi kabla ya kufika mlangoni. Hakupiga kelele.

"Baba Adhis, kesho sisi wawili tunaenda dispensari. Ukikataa, mimi naenda kwa mama yangu na hii omena yote."

Kwenye dispensari ya misheni walimkuta Sista Rosebella, muuguzi mnene mwenye sauti ya mwalimu. Alimpima Obonyo presha, akamminya tumbo, akamwuliza anafanya kazi gani na saa ngapi. Obonyo alipomaliza kueleza, Rosebella aliweka kalamu chini.

"Kila wiki wanakubadilisha?"

"Kila wiki, sista."

"Na hao wanaokubadilisha, wao wanalala saa ngapi?"

Rosebella alivuta pumzi kupitia puani, akamweleza mambo ambayo katika miaka saba hakuna mtu aliyemweleza.

Alimwambia kwamba mwili una saa yake. Iko ndani ya kichwa, nyuma ya macho, nayo haisomi ukutani, inasoma mwanga. Kunapopambazuka huamrisha damu ipate joto, tumbo lijiandae, macho yafunguke. Kunapoingia giza huamrisha kila kitu kipoe. Mnamo saa tisa, saa kumi za usiku ndipo mwili unapopoa kuliko wakati wote, na hapo mtu husinzia hata akiwa amesimama kwenye miiba. Saa hiyo inaweza kusogezwa, lakini polepole, kidogo leo, kidogo kesho. "Wewe unasogezwa wiki nzima, ukikaribia kufika unarudishwa ulikotoka. Sasa itakosaje kuharibika? Hauna pepo, mzee. Na wewe si mvivu. Umechoshwa tu."

Miaka saba Obonyo alikuwa amejiona dhaifu.

"Nifanye nini, sista?"

"Uombe zamu moja. Mchana ukiupata, chukua. Usiku wa kudumu si mzuri, mwili hauupendi, nisikudanganye. Lakini heri adui mmoja unayemjua. Na hapo pa kulala weka giza, giza kabisa, ziba dirisha. Asubuhi ukirudi nyumbani usiruhusu jua liingie machoni, maana likiingia ile saa ya kichwani inajua kumekucha. Vaa kofia kubwa. Chai ya usiku wa manane, acha. Na lala saa zile zile kila siku, hata Jumapili."

Kuhusu jua Obonyo alielewa upesi. Kutoka Kawangware hadi Gatwekera asubuhi ni kutembea saa nzima jua likiwa usoni, na jioni akienda kazini linamngoja upande wa pili, linampiga usoni tena.

Waliporudi, Obonyo alimwambia Awiti atangulie. Alivua viatu, akakunja suruali hadi mapajani, akaingia mtaroni. Watu walikusanyika, kwa sababu Gatwekera haina sinema. Alipapasa ndani ya ule uchafu mpaka mchana ukaisha, akatoka na buti moja, vipande vya chupa, na mwisho nyundo. Aliiosha kwa maji ambayo Awiti alikuwa ameyanunua kwa ajili ya kupikia. Akaipeleka kwa Shivachi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa mgonjwa na sikujua."

Shivachi aliipokea, akainusa, akakunja uso. "Hii sasa itatengeneza jiko za kunuka. Customer wangu watasema jiko yangu imeoza." Kisha akacheka, na Obonyo akacheka, ingawa kicheko chake kilikaribia kuwa kitu kingine.

Usiku ule Obonyo alikuwa na ruhusa ya ugonjwa kwa barua ya Sista, na juu ya chai ya Awiti wanaume hao wawili walifanya mapatano yao. Kutengeneza jiko, Shivachi alieleza, ni kazi mbili: kupima na kukata bati, ambayo haina kelele nyingi, na kugonga na kukunja, ambayo ndiyo adui. Siku zote alikuwa akikata na kugonga jiko moja moja mpaka limalizike, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Sasa angekata yote asubuhi, na kugonga yote kuanzia saa nane. "Hata mkono itapumzika," alisema, akijifanya jambo lenyewe linamfaa. Keshoye alileta maboksi, akayapigilia chini ya mabati ya Obonyo yawe dari, na Awiti akaning'iniza blanketi zito la kijivu dirishani. Chumba kikawa giza la tumbo la chungu.

Ilibaki zamu. Mchana wa kudumu ulikuwa wa watu wa meneja, wale waliokuja na barua za wajomba, na kuuomba kulikuwa kujichosha. Obonyo alimwendea Mwanzia. Mwanzia naye alikuwa amewahi kubeba shahidi miaka tisa kabla ya kupewa baiskeli, na alijua saa kumi ya usiku ikoje. Katika lindo lile Obonyo alibadilishana na kijana aitwaye Chris, ambaye angetoa jino ili asifanye usiku. Mwanzia alikuna kidevu.

"Mwezi mmoja," alisema. "Wewe usiku, Chris mchana. Tujaribu. Lakini hii mambo iko kati yetu watatu. Sawa?"

Mwezi huo ulikuwa mzuri. Nausimulia kwa hasira, maana ulionyesha jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa rahisi. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Wiki ya pili Obonyo alianza kulala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana bila kugeuka. Saa nane kamili nyundo ya Shivachi ilianza, ko, ko, na ile ikawa jogoo wake. Aliamka, akanawa, akala na mkewe chakula cha moto, akamsaidia Adhis hesabu kabla ya kuondoka. Tumbo likapoa. Akanenepa mashavu. Jioni moja alimwimbia Awiti wimbo wa ujana wao huku anafunga kamba za viatu, na Awiti akaingia nyuma ya pazia ili asionekane anafuta macho.

Asubuhi alitembea na kofia pana ya majani ambayo Shivachi alikuwa nayo tangu kwao, ameishusha mpaka puani, anaona ardhi na viatu vyake tu. Watoto wa njia ya reli walimwita Mchina. Aliwapungia mkono.

Na shahidi? Shahidi alikaa kimya. Siku thelathini, karatasi thelathini, na hakuna alama hata moja iliyokosekana. Mwanzia alizipanga kwenye bahasha, akatikisa kichwa. Hakuwa amewahi kuona kitu cha namna hiyo.

Hapo ndipo Obonyo alipofanya kosa ambalo mtu mwaminifu peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Alifikiri kwamba jambo zuri likithibitishwa, wakubwa watalifurahia. Mwanzia alimwonya. "Wacha hivyo hivyo, mzee. Usiamshe aliyelala." Lakini Obonyo hakupenda kuishi kwa siri, na hakutaka Mwanzia apate matatizo siku mambo yakijulikana. Akakaa na Adhis, wakaandika barua kwa mwandiko wa shule: Mimi Obonyo naomba niwekwe zamu ya usiku daima, kwa ajili ya afya yangu, na kazi yangu imekuwa nzuri kama karatasi zinavyoonyesha. Akaipeleka.

Wiki mbili zikapita kimya. Alhamisi alfajiri Mwanzia alikuja na baiskeli, akafungua saa, akaichukua karatasi bila kuisoma.

"Usiende nyumbani leo. Meneja anakutaka ofisi ya town, saa nne."

"Ni ile barua?"

"Ni ile barua," alisema Mwanzia, akatazama tairi ya mbele.

Obonyo alitembea mpaka mjini akiwa na furaha. Alikaa kwenye benchi ya ukumbini kuanzia saa moja unusu, kofia magotini, akipigana na kope, kwa kuwa hizo ndizo zilikuwa saa zake za kulala. Alifikiria namna atakavyomwambia Awiti. Saa tano unusu akaitwa.

Meneja alikuwa mtu mwenye ngozi laini na macho meupe kabisa, macho ya mtu anayelala kwa muda wa saa nane kila usiku kwenye chumba chenye pazia. Mwanzia alikuwa amesimama ukutani. Mezani kulikuwa na barua ile na bahasha ya karatasi za duara.

"Obonyo. Umeomba usiku."

"Ndiyo, bosi. Kwa sababu ya..."

"Nimefanya hii kazi miaka ishirini. Kila mtu anaomba mchana. Kwa mara ya kwanza mtu anaomba usiku. Kuna nini huko usiku?"

Obonyo alidhani ni utani. Akaanza kueleza habari ya saa iliyo nyuma ya macho. Meneja aliinua kiganja.

"Hizi karatasi. Mwezi na nusu, hakuna tundu moja imekosa. Hakuna mlinzi hapa Nairobi hasinzii hata mara moja. Hii saa umeichezea. Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, bosi. Nilikuwa nimelala."

"Umelala kazini?"

"Nimelala nyumbani! Ndiyo maana sikulala kazini!"

Meneja alimtazama Mwanzia kama anayesema, umemsikia mwenyewe? Kisha akaendelea, akihesabu kwa vidole. Mtu wao alikuwa amefika Gatwekera kuuliza. Dirisha la Obonyo lina blanketi mchana na usiku, anaficha nini humo ndani? Asubuhi anatoka kwenye ghala na kofia imefunika uso, anamkwepa nani? Na anaishi ukuta kwa ukuta na fundi wa mabati, na lindo lake ni ghala la mabati. Fundi huyo bati zake anatoa wapi?

"Ananunua mapipa ya zamani kule soko ya Gikomba," Obonyo alisema. "Bosi, kwani kitu gani imeibwa?"

"Bado."

"Nauliza, kitu gani imeibwa?"

"Na mimi nakujibu. Bado. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi siwezi ngoja ije. Kazi yako imeisha leo."

Obonyo alimgeukia Mwanzia. "Mwambie," alisema. "Mwanzia, si wewe ndiye uliniweka? Mwambie vile nilikuwa na vile nimekuwa." Mwanzia alifungua mdomo. Alikuwa na watoto watano Machakos, na baiskeli ya kampuni. Akaufunga. Wako watakaomhurumia Mwanzia kwa hilo. Mimi bado sijaweza.

Ndipo Obonyo alipopiga meza kwa ngumi, kikombe cha meneja kikaruka. "Mlipokuwa mnanipindua nikasinzia, mkaniandikia barua. Sasa sijasinzia, mnanifuta! Mnataka nini? Nisilale muniite mwizi, nilale muniite mvivu! Mnataka mtu wa aina gani, nyinyi watu?"

Walinzi wawili waliitwa. Walimvua sweta ya kampuni pale pale ukumbini, wakachukua kofia ya kazi na buti. Mwanzia alimfuata hadi ngazini na kuweka patipati zake mwenyewe za mpira miguuni pake. Obonyo alizivaa kwa sababu lami ilikuwa moto.

Alirudi Gatwekera saa saba na dakika chache, kwa njia ya reli, nyuma ya nyumba, njia yake ya kila siku. Alfajiri Awiti alikuwa ameondoka kwenda kibandani, ameshusha blanketi la dirishani na kurudishia mlango, tayari kwa ajili yake. Hakuna mtu aliyekuwa na habari.

Shivachi alikuwa kwenye kigoda chake. Mbele yake vipande vya bati vilikuwa vimekatwa vyote, vimepangwa kwa mafungu. Ilikuwa oda ya hoteli moja, majiko kumi na mawili, na mwenye oda angekuja saa kumi. Nyundo ilikuwa mapajani. Watoto wawili walipita wakisukuma gurudumu la waya, wanapiga kelele, na Shivachi akaweka kidole mdomoni.

"Shhh! Pitieni kule. Mzee amelala."

Watoto wakanyamaza, wakanyanyua gurudumu lao, wakapita kwa ncha za vidole mbele ya chumba kitupu.

Obonyo alisimama nyuma ya fundi, hakuweza kusogea. Tangu asubuhi mtu huyu alikuwa amekaa hapo na oda ya watu, akilinda usingizi wa kitanda ambacho hakikuwa na mtu, wala hakuna aliyemlipa, wala hakubeba shahidi.

"Fundi," alisema. "Piga."

Shivachi aligeuka, akashtuka. Aliona patipati, akaona fulana. "Baba Adhis? Si uko ndani? Saa nane bado."

"Piga tu."

"Na utalala aje?"

"Wamenifukuza, Shivachi. Kwa sababu nililala vizuri."

Safari hii Shivachi hakupata la kuchekesha. Aliinua nyundo nusu, akaishusha. Akaiinua tena. Mkono ulikuwa umeshazoea, haukukubali kabla ya saa nane.

Obonyo aliichukua nyundo mkononi mwa fundi, taratibu mara hii. Alichuchumaa, akavuta bati la kwanza, akagonga. Akagonga tena. Aligonga kwa ajili ya ile miaka saba, kwa kila pembe ya ghala, kwa kila tundu la kila karatasi, bati likapinda, likajikunja, likachanika, na bado akagonga, jasho na machozi vikimtiririka kidevuni, mpaka ukuta wa udongo ukaanza kudondosha vumbi na milango ya kichochoro kizima ikafunguka. Hakuna aliyesema ni wazimu.

Kutoka kibandani Awiti aliisikia nyundo kabla ya saa yake. Aliacha omena, akaja mbio na mwiko mkononi, anamgombeza Shivachi tangu akiwa mbali, kwamba amwonee huruma mume wa watu, amwache alale. Alipopinda kona akaona anayegonga ni nani.

Mwiko ulimponyoka.